Msamaria Mwema Alibeba Mafuta Yake Mwenyewe

Ukurasa wa Afya: maoni ya muuguzi wa hospitali ya misioni



Ndugu wasomaji, kila baa linapoipiga nchi fulani, iwe ni tetemeko la ardhi, kimbunga au gharika, mioyo ya waamini huguswa. Jumapili inayofuata paroko husoma tangazo, mchango wa pekee hukusanywa, na akina mama wa WAWATA huanza kukunja nguo za kupeleka. Katika hospitali zetu za misioni nako, wauguzi vijana huanza kuulizana: "Mbona sisi tusiende? Mikono tunayo, ujuzi tunao, na watu wanakufa." Wazazi nao hutuuliza: "Binti yetu amemaliza uuguzi, sasa anataka kwenda kujitolea ugenini. Tumruhusu au tumkataze?"

Swali hilo ni jema, nalo linastahili jibu la wazi. Maoni yangu ni haya. Kwenda kuwahudumia wagonjwa katika nchi iliyopatwa na maafa ni tendo kubwa la huruma, nasi Waafrika tusidhani kuwa ni kazi ya Wazungu peke yao. Lakini aende yule aliyeitwa, aliyefundishwa kwa kazi hiyo, anayeweza kujitegemea huko aendako, na ambaye wagonjwa anaowaacha nyumbani hawatateseka kwa sababu ya safari yake. Asiyetimiza hayo, hata awe na moyo mwema kiasi gani, heri abaki. Akienda atakuwa mzigo juu ya mzigo.

Najua maneno hayo yatawaudhi baadhi yenu. Basi naomba mnisikilize hadi mwisho.

WAOKOAJI WA KWANZA NI MAJIRANI

Watu wengi wanadhani kwamba baada ya tetemeko au gharika majeruhi hulala chini wakiwangoja madaktari kutoka nje. Sivyo ilivyo. Mtu aliyefunikwa na kifusi, au anayevuja damu nyingi, uhai wake huamuliwa katika saa za mwanzo. Wanaomtoa ni ndugu zake, majirani zake na vijana wa mtaa wake, kwa mikono mitupu na majembe. Wanaomfunga jeraha ni wauguzi wa zahanati ya jirani, ambao mara nyingi wao wenyewe wamefiwa siku hiyo hiyo. Timu za kigeni, hata zile zenye ndege na hema tayari, kwa kawaida huanza kazi baada ya siku kadhaa.

Je, mgeni anakuta nini anapofika? Anakuta vidonda vilivyooza. Anakuta mifupa iliyovunjika ambayo haijanyooshwa. Anakuta wajawazito ambao siku zao hazikungoja gharika ipite. Anakuta wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa kifua kikuu na wenye virusi vya UKIMWI, ambao vidonge vyao vimechukuliwa na maji. Baada ya juma moja au mawili anakuta watoto wanaoharisha, na baada ya hapo malaria. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haina sifa kubwa, wala haionekani vizuri katika picha. Ni kazi ile ile tunayoifanya hapa kila siku, ila inafanyika ndani ya hema, kwenye matope, bila umeme, kwa lugha usiyoijua.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Msumbiji. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira. Paa za nyumba ziling'oka, na Hospitali Kuu ya Beira nayo iliharibika, pamoja na vyumba vyake vya upasuaji. Kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika hadi mashamba yakawa kama bahari, na watu wakakaa juu ya mapaa na juu ya miti wakingoja kuokolewa. Katika Msumbiji pekee walifariki watu zaidi ya 600, na wengine mamia walipotea maisha Zimbabwe na Malawi.

Hofu kubwa baada ya hapo ilikuwa kipindupindu, na kweli kilikuja. Serikali ya Msumbiji ilikitangaza tarehe 27 Machi. Juma moja baadaye, tarehe 3 Aprili, chanjo ya matone ya kunywa ilianza kutolewa, na kwa siku chache tu watu zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000, lakini waliokufa hawakufika 10. Fikirini, ndugu zangu! Kipindupindu katika mji uliobomoka, maji yamechafuka, vyoo vimezama, na vifo havifiki 10.

Jambo hilo halikufanywa na mtu mmoja aliyepanda basi na mkoba wake wa dawa. Chanjo ilipelekwa nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa na wahudumu wa afya na watu wa kujitolea wa huko huko, wanaosema Kireno, Kisena na Kindau. Timu za kigeni zilikuja pia na zilifaa sana, kwa sababu zilikubali kupangwa: hii iende Buzi, hii isimamishe kituo cha wagonjwa wa kuharisha, hii isaidie upasuaji. Mgeni alikuwa msaidizi, na mwenyeji alibaki kuwa mwenye nyumba.

MAFUNDISHO MACHUNGU YA HAITI

Sasa tutazame upande wa pili. Tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro za jioni kwa saa za huko, ardhi ilitetemeka nchini Haiti. Hesabu za waliokufa hutofautiana, lakini makadirio mengi yanapita watu 200,000. Katika mji mkuu, Port-au-Prince, hata shule ya taifa ya wauguzi iliporomoka na kuwaua wanafunzi wengi waliokuwa ndani. Mimi niliyevaa kofia ya mwanafunzi muuguzi siwezi kuipita habari hiyo bila kusema: Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Dunia nzima ilikimbilia Haiti. Walikuja waganga na wauguzi kutoka kila pembe, na wengi wao walifanya kazi kwa uhodari mkubwa. Walikuwapo pia waliokuja bila kuitwa na mtu, bila kujiandikisha kwa wakuu wa afya, bila mkalimani wa Kikreoli, bila maji wala chakula chao wenyewe. Hao walikula chakula kile kile kichache cha wenye njaa. Baadhi ya majeruhi walikatwa miguu na mikono na watu ambao hawakuacha hata karatasi ya kuonyesha nini kimefanyika na kwa sababu gani. Baada ya siku chache mpasuaji alirudi kwao, na mgonjwa akabaki na kidonda bila mtu wa kukisafisha, bila magongo, bila mazoezi ya viungo. Muuguzi yeyote anafahamu kwamba operesheni haimalizwi na mshono wa mwisho. Inamalizwa siku mgonjwa anaporudi kwake akiwa amepona.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo likaja jambo baya zaidi. Kipindupindu, ugonjwa ambao haukuwa umeonekana Haiti kwa muda usiopungua miaka mia moja, kililipuka kando ya mto Artibonite. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiliingia kupitia kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka nchi yenye ugonjwa huo, kwa sababu maji machafu ya vyoo vya kambi yaliingia mtoni. Kwa miaka iliyofuata waliugua watu zaidi ya 800,000, na karibu 10,000 walikufa. Mwezi Desemba 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Ban Ki-moon, aliwaomba radhi wananchi wa Haiti.

Askari hao hawakuwa waganga, wala hawakwenda kwa nia mbaya. Walikwenda kulinda amani. Lakini wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje, mwenyeji augue. Kwa hiyo kila anayekwenda kwenye maafa ajiulize: nitajisaidia wapi, na uchafu wangu utakwenda wapi? Ni swali la aibu kidogo, lakini huko Haiti liliamua uhai wa maelfu.

SHERIA ZILIZOTOKANA NA MACHOZI

Kutokana na mambo hayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2013 kanuni kwa timu zote za uganga zinazotaka kwenda nchi za nje baada ya maafa. Kanuni hizo zimezigawa timu katika aina tatu. Aina ya kwanza hutibu wagonjwa wa nje tu. Aina ya pili hulaza wagonjwa na kufanya upasuaji: iwe na vitanda visivyopungua 20, iweze kufanya operesheni kubwa 7 kwa siku, na ikae angalau majuma 3. Aina ya tatu ni hospitali kamili ya kupokea wagonjwa wa rufaa, yenye huduma ya wagonjwa mahututi.

Zaidi ya hapo, kila timu inatakiwa ijiandikishe kwa serikali ya nchi inayosaidiwa, iwe na wafanyakazi wenye leseni halali, ije na maji, chakula, mahema, dawa na mafuta ya mitambo yake, ifuate miongozo ya tiba ya nchi hiyo, na itunze kumbukumbu za kila mgonjwa ili atakayempokea ajue pa kuanzia.

Wapo wanaosema kwamba hizo ni karatasi za wakubwa, za kuwazuia watu wema. "Msamaria Mwema," wananiambia, "hakungoja barua wala mhuri." Naam, tumtazame huyo Msamaria, maana Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mganga, ametuandikia habari zake kwa makini.

Kwanza, Msamaria alikuwa tayari katika njia ile ile. Hakutoka nchi ya mbali kwenda kutafuta majeruhi. Alimkuta njiani pake. Pili, mafuta na divai vilikuwa vyake mwenyewe; hakumwomba majeruhi chochote. Tatu, alijua namna ya kusafisha na kufunga jeraha. Nne, usafiri ulikuwa wake, mnyama wake mwenyewe. Tano, hakumwacha barabarani baada ya kumfunga, bali alimfikisha nyumba ya wageni na kukesha naye. Sita, alimkabidhi kwa mwenyeji wa mahali hapo, akalipa gharama, na akaahidi kupita tena kuona mambo yalivyokwenda.

Sasa, ndugu msomaji, linganisha na kanuni za mwaka 2013: vifaa vyako mwenyewe, ujuzi, usafiri, kumkabidhi mgonjwa kwa wenyeji, kufuatilia. Shirika la Afya Duniani limeandika kwa lugha ya ofisi yale ambayo Bwana wetu aliyasimulia kwa mfano. Anayemtaja Msamaria ili aende mikono mitupu hajausoma mfano ule hadi mwisho.

Tukumbuke pia kwamba Yesu alipowapeleka wanafunzi wake aliwatuma, tena wawili wawili. Na watawa wa Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, huweka nadhiri ya nne ya kuwahudumia wagonjwa hata kwa hatari ya maisha yao. Lakini hata wao, pamoja na nadhiri hiyo, huenda kwa kutumwa na wakubwa wao. Ushujaa na utii havigombani.

USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linaloniuma zaidi kama muuguzi wa hospitali ya misioni. Sisi si wengi. Chukulieni wodi ya uzazi yenye wauguzi wakunga wanne. Mmoja yuko likizo, mmoja yuko zamu ya usiku. Mmoja akienda ugenini kwa majuma sita, nani atasimama mchana wakati wanawake wawili wanajifungua kwa pamoja na wa tatu anatoka damu? Mama huyo akifa, gazeti la nchi yoyote halitaandika. Hakuna atakayesema alikufa kwa sababu ya kimbunga cha nchi nyingine. Lakini mbele ya Mungu atakuwa amehesabiwa.

Nchi tajiri zinaweza kutoa wauguzi kumi na pengo lisionekane. Kwetu mmoja akitoka ni pengo. Sisemi kwa hiyo tusitoe mtu kamwe. Nasema tutoe kwa hesabu: mganga mfawidhi na matroni wakae, watazame orodha ya zamu, waulize hospitali jirani kama inaweza kutuazima mtu, ndipo waseme ndiyo au hapana. Na wakisema hapana, kijana asione kwamba wamemzimia Roho Mtakatifu. Kubaki kwake wodini ni sehemu ya msaada, kwa sababu kunamwezesha mwenzake kwenda.

Nawaomba wakuu wa hospitali zetu wafikirie jambo moja. Badala ya kungoja maafa ndipo tuanze kukimbia huku na huko, kwa nini hospitali za jimbo zisiandae mapema orodha fupi ya watu wachache: mganga mmoja, wauguzi wawili au watatu, mtaalamu wa maabara, fundi wa maji? Wafundishwe pamoja, leseni zao na chanjo zao zikaguliwe kila mwaka, na majina yao yajulikane Caritas na Wizara ya Afya. Likitokea baa, waitwe wao. Lisipotokea ugenini, watatufaa hapa hapa, maana sisi nasi hatuko salama: Kagera ilitikisika Septemba 2016, na huko Hanang maporomoko ya tope yaliangamiza watu tarehe 3 Desemba 2023.

MABOKSI YA DAWA NA MAGUNIA YA NGUO

Kuna aina nyingine ya kujitolea: kupeleka vitu. Hapa pia moyo mwema unahitaji akili. Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 1988 dunia ilipeleka dawa na vifaa vya tiba kiasi cha tani 5,000. Ilibidi watu 50 wafanye kazi kwa miezi sita ndipo wajue ni kitu gani kimeletwa. Dawa nyingi zilikuwa na maandishi ya lugha wasiyoisoma, nyingine hazikuhitajika, nyingine muda wake ulikuwa umekwisha. Hao watu 50 wangeweza kuwa wanahudumia wagonjwa.

Ndiyo maana mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutoa dawa za msaada: zitolewe zilizoombwa, ziwe katika orodha ya dawa za nchi hiyo, maandishi yasomeke na waganga wa huko, na zibaki na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Vidonge vilivyobaki kabatini kwenu baada ya mtoto kupona si msaada kwa mtu yeyote. Nguo kuukuu nazo hugharimu usafiri mkubwa kuliko thamani yake. Kwa familia ya parokia, msaada bora ni fedha, hata kama ni kidogo, zipitie mikono inayojulikana kama Caritas, ambayo ina ndugu zake katika nchi ile iliyoumia. Bandu bandu huisha gogo.

KIJANA ANAYETAKA KWENDA AJIULIZE HAYA

1. Nani ameniita? Kama jibu ni "hakuna", ngoja. Uende na timu iliyojiandikisha, kamwe si peke yako.

2. Je, leseni yangu ni hai, na nina uzoefu wa miaka kadhaa wodini? Mahali pa maafa si mahali pa kujifunzia kazi. Lisilo halali kulifanya katika hospitali yako, kama kukata kiungo au kutoa usingizi bila kufundishwa, si halali huko pia. Maskini wa ugenini si mtu wa kufanyiwa majaribio.

3. Je, nina chanjo za homa ya manjano, homa ya ini aina ya B na pepopunda? Nina chandarua na dawa zangu? Muuguzi akiugua malaria kambini, huchukua kitanda cha mgonjwa na muuguzi mwingine wa kumhudumia.

4. Nitazungumza nao kwa lugha gani? Jifunze hata maneno ishirini: wapi panauma, tangu lini, pole, maji, kunywa, asante.

5. Nitakaa muda gani, na nitamkabidhi nani wagonjwa wangu? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukija kwa siku nne, utaondoka kabla hujashika jembe lenyewe.

6. Je, familia yangu imekubali? Mama mwenye mtoto anyonyaye, au baba anayetegemewa peke yake, ana wito mwingine kwanza.

Tena, asipige picha za wagonjwa walio uchi wa majeraha na huzuni. Hao ni watoto wa watu. Na akirudi, ndugu zake wampe nafasi ya kupumzika na kusema. Wengi hurudi bila usingizi, wanashtuka kwa kelele ndogo, au hawataki kula. Si pepo, wala si udhaifu wa imani. Ni moyo uliobeba mizigo. Akikaa hivyo zaidi ya mwezi mmoja, aonane na mganga, na pia padre wake.

YANAYOFAA KILA NYUMBA

Wengi wetu hatutapanda ndege kwenda kokote. Lakini ujuzi wa maafa hauhitaji pasipoti. Siku gharika ikifika kijijini kwetu, waokoaji wa kwanza mtakuwa ninyi mnaosoma ukurasa huu. Basi shikeni haya machache.

Anayevuja damu: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, hadi afike kwa mganga.

Jeraha chafu la matope au bati: lioshe kwa maji mengi safi, lifunike, mpeleke mtu kituo cha afya. Usishangae muuguzi asipolishona siku hiyo. Jeraha chafu huachwa wazi, husafishwa, na likiwa safi hushonwa baada ya siku 3 hadi 5. Likifungwa na uchafu ndani huoza, au huleta pepopunda. Baada ya mawimbi makubwa ya bahari ya Desemba 2004, huko Aceh nchini Indonesia watu zaidi ya 100 walipata pepopunda. Kwa hiyo chanjo za watoto na za wajawazito zisikosekane kamwe.

Anayeharisha: mpe pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini. Kama haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi, na mtoto aendelee kunyonya. Akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, huenda ni kipindupindu; usingoje kesho.

Maji ya kunywa: yachemshe hadi yatokote, au yatie dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa. Choo kiwe mbali na kisima.

Marehemu: wengi huogopa kwamba miili ya waliokufa katika tetemeko au gharika italeta magonjwa ya mlipuko, kwa hiyo huzikwa haraka katika shimo moja bila majina. Hofu hiyo haina msingi. Waliokufa kwa kuangukiwa au kuzama hawakuwa na ugonjwa wa kuambukiza kuliko walio hai. Magonjwa huletwa na walio hai waliosongamana bila maji na vyoo. Ni waliokufa kwa magonjwa kama kipindupindu au Ebola tu ambao wanahitaji wataalamu. Wengine watambuliwe, waandikwe, wazikwe kwa heshima na kwa sala, ili mjane ajue kaburi la mumewe liko wapi.

HITIMISHO

Mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliipiga Malawi, nchi jirani yetu, wakati wananchi wake walikuwa tayari wanapambana na mlipuko wa kipindupindu ulioanza 2022, ambao kwa jumla uliwaua watu zaidi ya 1,700. Vimbunga vya bahari hii yetu havitakoma, na jirani atapiga tena mlango wetu. Sitaki siku hiyo mtu yeyote aseme, "Yule muuguzi wa gazeti la jimbo alituzuia." Sijawazuia. Nimeomba tuwe tayari, ili tukisema tunakwenda, jirani afurahi kutuona.

Wazazi, msimkataze binti yenu kwa hofu tu, wala msimruhusu kwa sifa tu. Mwulizeni maswali yale sita. Akiwa na majibu, mbarikini aende. Akiwa hana, mwambieni aendelee kujiandaa, na kesho aamke mapema aende zamu yake. Huko wodini pia kuna waliopigwa na kuachwa njiani, nao wanamngoja.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, na Mtakatifu Kamili atuombee.